Kupima Sahani Ikiwa Motoni

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, mume wangu alikuwa akirudi kutoka kazini na macho mekundu, nami nilikuwa namlaza mkekani na kumwekea kitambaa chenye maji baridi usoni kabla hajala. Alikuwa akisimulia huku kafumba macho. Alisimulia habari za wenzake, za msimamizi wao, za mnyororo uliokwama. Mie nilikuwa mgeni Dar es Salaam, nimeletwa na ndoa kutoka Lindi, na mji niliujua zaidi kwa maneno yake kuliko kwa miguu yangu.

Tulipanga chumba Temeke kwa bibi mmoja Mzaramo, mjane, mwenye ulimi mkali na moyo mweupe. Kiwanda alichofanya kazi mume wangu hakikuwa mbali. Unatoka barabarani, unakata kushoto, unaanza kusikia mashine kabla hujaona ukuta. Palikuwa panatengenezwa vyombo vya enameli: sahani, mabakuli, masinia, ndoo zenye maua mekundu. Wakati ule hapakuwa na nyumba isiyokuwa na sahani zile. Bati lilikatwa, likagandamizwa likawa sahani, likachovywa katika rojo nyeupe ambayo wafanyakazi waliiita uji. Likishakauka lilining'inizwa kwenye mnyororo uliotambaa polepole na kupita ndani ya tanuri. Humo uji uliyeyuka ukawa kama kioo. Moto ukizidi, sahani ilitoka na malengelenge. Ukipungua, ilitoka imepauka, haina mng'aro.

Kazi ya mume wangu ilikuwa ni kulitunza joto la tanuri hilo. Alikaa mbele ya saa ya joto, akiangalia mshale wake, na mara kwa mara alivaa miwani ya buluu akachungulia motoni kwa tundu dogo, kisha akafungua au akabana koki ya mafuta. Alifundishwa na mzungu ambaye baadaye alirudi kwao, kiwanda kilipochukuliwa kuwa mali ya umma. Alijivunia kazi ile, nami nilijivunia naye.

Kisha akaja dada fundi.

Hilo ndilo jina walilomwita wote, nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa msichana wa umri wangu, pengine ananizidi kidogo, aliyesoma ufundi hapa nchini halafu akapelekwa ng'ambo kusomea vipimo vya viwandani. Aliletwa kusimamia vipimo vyote, na kwa kuwa kipimo kikubwa kilikuwa cha tanuri, aliwekwa na mume wangu. Alivaa ovaroli. Siku hizo vijana walikuwa wanawakimbiza barabarani wasichana wa vimini, lakini kwa ovaroli hawakujua la kusema.

Mwanzo nilimpenda kwa kumsikia tu. "Leo tumeletewa mtoto wa kike," mume wangu alisema, kitambaa kikiwa machoni. "Kaja na sanduku lake la vifaa. Hataki kubebewa." Tukacheka. Wiki iliyofuata hakucheka tena aliposema habari zake. Alisema "dada fundi anasema" kama watu wanavyosema redio imetangaza.

Siku moja alirudi na kipimajoto kirefu cha kioo, ameazimwa. Akafunua sufuria yangu ya maharage, akakitumbukiza.

"Unafanya nini chakulani mwangu?"

"Tulia kidogo. Dada fundi anasema kitu hupimwa kikiwa mahali pake, kazi ikiendelea. Ukikitoa nje ukakipima, kimeshakuwa kitu kingine."

"Maharage yangu hayajamwita dada fundi kuja kuyapima."

Aliniangalia kwa mshangao wa kweli, na mshangao ule uliniuma kuliko kama angekasirika. Hakuwa hata amefikiria kwamba ninaweza kuudhika.

Bibi mwenye nyumba ndiye aliyenifungua macho, au aliyeyatia mchanga, sijui. Tulikuwa tunapepeta mchele uani. "Mwanangu," akasema, "mumeo siku hizi anaoga asubuhi."

"Si anakwenda kazini, bibi?"

"Zamani alikuwa akienda wapi? Mwanamume anayekwenda kushinda motoni, sabuni ya kuogea ya nini? Na sabuni yenyewe tunapanga foleni."

Nikaanza kuangalia. Ilikuwa kweli, alikuwa anaoga. Alikuwa pia anachana nywele, na shati alilolivaa chini ya koti la kazi alilinyoosha kwa kulilalia. Jioni hakutaka tena kitambaa cha maji. "Macho hayaniwashi," alisema. "Dada fundi katutengenezea kioo mbele ya tundu." Nikabaki na bakuli langu la maji mkononi, sina wa kumpa. Nilimwaga uani.

Basi ikaja sikukuu ya wafanyakazi, na baada ya hotuba familia ziliruhusiwa kuingia kiwandani kuangalia. Nilivaa khanga yangu mpya. Nilimtafuta mume wangu kwa macho nikamwona penye tanuri, amesimama na msichana mwembamba mwenye kilemba cha kitambaa cha kahawia. Nilimjua palepale. Hakuwa mzuri wa kutisha, na hilo nalo halikunisaidia. Mume wangu alikuwa amevaa ile miwani ya buluu, anachungulia. Akasema neno. Msichana akasogea. Mume wangu akaivua miwani, bado ina joto la uso wake, akampa, naye akaivaa akainama pale pale alipokuwa ameinama yeye. Akacheka kwa alichokiona. Mume wangu akacheka pia, hata kabla ya kuambiwa.

Nilisimama nyuma yao muda wote huo. Watoto wa watu walikuwa wananipita wakielekea kwenye soda. Mume wangu alipogeuka aliniita kwa furaha, akanitambulisha, na dada fundi akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Wifi, karibu sana. Tunakusikia tu." Nilisema ahsante. Nilijiuliza alisikia nini.

Jioni nilipika ugali ukaungua.

"Miwani ile ni moja tu kiwanda kizima?" nikamwuliza.

"Miwani gani?"

"Ile unayoivua usoni mwako mwenzio akaivaa usoni mwake."

Akaweka tonge chini. "Ya pili ilivunjika. Vitu vya nje havipatikani, si unajua hali ilivyo?"

"Najua hali ilivyo."

"Ile ni kazi."

"Nimeiona kazi. Inachekesha."

Alikula ule ugali ulioungua mpaka mwisho, nami nikamchukia kwa kuula.

Haikupita miezi mingi, balozi wetu wa nyumba kumi akatangaza mkutanoni kwamba kiwanda kinaongeza shifti na kinataka akina mama wanaojua kusoma namba. Wanawake waligeuka wakaniangalia. Mie nilikuwa sijui. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye benchi la wanaume, anaangalia viatu vyake, nikafahamu kwamba yeye alijua siku nyingi na hakuniambia.

"Nenda," bibi mwenye nyumba akaniambia tulipofika nyumbani. "Ukawe karibu na mali yako."

Nisiseme uongo kwamba nilikwenda kwa ajili ya kujenga taifa. Nilikwenda kulinda. Nilivaa gauni la heshima, nikaingia ofisini, na aliyekaa nyuma ya meza alikuwa dada fundi mwenyewe. Akaniwekea mbele saa ya kupimia akanitaka nisome mshale ulipo. Nikasoma. Akausogeza, nikasoma tena. Akaniuliza nimesoma wapi, nikamwambia darasa la saba nilimaliza kwetu.

"Kumbe!" akasema. "Mbona mumeo hakuniambia kama umesoma? Kila siku nalia hapa sina watu."

Nilitoka pale nimepata kazi na kidonda juu yake. Kumbe hakuwahi kumwambia. Walipokuwa wanasikia habari zangu, kama alivyosema siku ile, walisikia habari za maharage.

Nyumbani mume wangu alisema neno moja tu: "Nani atapika?"

"Atakayetangulia kufika."

Niliwekwa kwenye uji. Nilipewa kichana cha chuma chenye meno yasiyolingana urefu. Sahani ikishachovywa, kabla haijakauka, unakigandamiza nyuma yake, unaangalia ni jino lipi limeloa, unajua uji umeganda mwingi kiasi gani. Ukiwa mzito, unawaambia watie maji. Ukiwa mwepesi, wanaongeza unga. Palepale, mnyororo ukiwa unakwenda, sahani nyingine imeshafika mkononi. Siku za kwanza nilikuwa nasoma jino kwa jicho moja, jicho la pili liko kwenye tanuri.

Nilichokiona si nilichokitarajia. Walikuwa wanabishana. Kutwa nzima walibishana, mume wangu akisema saa ya joto inasema kweli, dada fundi akisema saa ile inaonyesha joto la ukuta wa tanuri, haionyeshi joto la sahani. Alikuwa anapiga kidole kwenye ubao, mume wangu anatikisa kichwa, halafu ghafla anakubali na uso wake wote unawaka. Sikuwahi kuwaona wameshikana hata mikono. Ningewaona, ningejua la kufanya. Ningepiga kelele, ningerudi kwetu, watu wangekaa kikao. Lakini nitamshtaki vipi mtu kwa uso uliowaka? Uso ule mie sikuwahi kuuwasha, na hapakuwa na balozi wala shehe wa kumpelekea lalamiko hilo.

Wakati huo malengelenge yalikuwa yametushinda. Mshale ulikaa pale pale panapotakiwa, na sahani bado zilitoka zimevimba. Meneja alisema tuzime tanuri mafundi waingie. Dada fundi akakataa. Tanuri lile likizimwa lilichukua siku kupoa na siku kuwaka, na likishapoa, alisema, kile tunachokitafuta kitakuwa hakipo. Akataka ipimwe sahani yenyewe, ikiwa humo humo ndani, mnyororo ukiwa unatembea na moto unawaka kama kawaida.

Alifunga ncha ya waya mrefu kwenye sahani. Ulikuwa waya wa namna mbili zilizosokotwa, umevalishwa vijishanga vyeupe vya udongo ili usiungue. Ncha ya pili aliiunga kwenye saa ndogo mezani kwake. Sahani itaingia na waya nyuma yake, na sisi nje tutaona joto lake hatua kwa hatua. Alitaka mtu wa kuulisha waya mlangoni, asiuvute wala asiulegeze. Akaangaza macho. Akanionyesha mie.

"Huyu?" mume wangu akasema.

"Ana mkono mtulivu. Wewe nenda upande wa kutokea, uipokee."

Basi nikasimama kwenye mdomo wa tanuri kwa mara ya kwanza. Joto lilinipiga shingoni kama kofi. Sahani ikaingia, nikaanza kuulisha waya, shanga moja moja zikipita kati ya vidole vyangu, na dada fundi akawa anasoma namba kwa sauti. Msichana wa kutoka chumba cha kuoshea mabati aliziandika kwa chaki ukutani. Namba zilipanda, zikapanda, zikapita pale mshale mkubwa ulipokaa. Watu wakaacha kazi. Upande wa pili nilimwona mume wangu, jasho linamtiririka, ananiangalia mikono. Tangu tuoane hakuwahi kuniangalia mikono namna ile.

Tukarudia, sahani ikiwa upande wa kulia, halafu upande wa kushoto. Kushoto kulikuwa na moto kupita kiasi. Saa kubwa ilikuwa imefungwa kulia, kwa hiyo haikuwa inasema uongo, ila ilikuwa inasema habari za mahali pengine. Walipobana koki za kushoto, siku ya pili sahani zilianza kutoka safi. Niliiokota moja ikiwa bado ya vuguvugu, nikajiona usoni mwake.

Jioni mume wangu aliwaambia wapangaji wote uani: "Tumefanikiwa, mie na dada fundi. Tumelipata lile joto."

Nilikuwa nimekaa pale pale, vidole vimenichubuka kwa shanga. Mie na dada fundi! Niliingia ndani nikalala bila kula. Wivu wangu ulikuwa umebadilika, nami nilijua umebadilika. Sikuwa tena namwonea wivu mume. Nilikuwa naionea wivu ile kazi, nataka niwe mimi ninayesemwa.

Nikaanza kubaki baada ya shifti. Dada fundi alinifundisha kuunga waya, kusafisha ncha zake, kuilinganisha saa moja na nyingine kwa maji yanayochemka. Alikuwa mwalimu mgumu. Ukikosea hakukukemea, alinyamaza tu akakungoja. Nilimpenda. Akimsifu mtu mwingine mbele yangu, nilikuwa nashindwa kumeza chai. Nyumbani nilikuwa nasema yeye tu, mpaka siku moja mume wangu aliisukuma sahani yake pembeni.

"Dada fundi, dada fundi! Umeolewa na mie au na dada fundi?"

Nikacheka kwa nguvu, nikidhani naye atacheka. Hakucheka. "Zamani ulikuwa unaniwekea kitambaa," akasema. "Siku hizi hata hunioni nimerudi."

"Wewe ndiye uliyekikataa."

"Nilikikataa macho yalipopona. Sasa yamerudia, hujauliza."

Nilimwangalia. Yalikuwa mekundu kweli. Nilikwenda kuchota maji, lakini tulikuwa tumekasirikiana, na kitambaa alikishika mwenyewe.

Tukaishi hivyo, watu wawili wenye mke mwenza mmoja ambaye hakujua kama ni mke mwenza. Kazini tulikuwa tunashindana nani atakayempelekea habari kwanza. Nikigundua uji umeharibika nilikwenda mbio, namkuta mume wangu ameshafika na habari ya koki. Dada fundi alitusikiliza wote, akashukuru wote, akarudi kwenye saa zake.

Halafu zikaja habari kwamba anaolewa na anahamishiwa kiwanda kingine Tanga. Ilibidi achague mtu wa kusimamia vipimo badala yake. Wiki hiyo hatukusemeshana nyumbani. Mume wangu alikuwa na miaka mingi tanurini. Mie nilikuwa na mkono mtulivu, na dada fundi mwenyewe alishasema. Kila mmoja wetu alikuwa ameshajipangia atakavyomtuliza mwenzake baada ya matokeo.

Alimchagua yule msichana wa chumba cha mabati, aliyeandika kwa chaki. Msichana wa Kipawa, mpole, asiye na maneno, aliyeingia kiwandani nyuma yangu. Sikuwahi hata kumwonea wivu, kwa kuwa sikuwahi kumtazama.

Nilimfuata dada fundi alipokuwa anafunga sanduku lake. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, wifi."

"Basi kwa nini yule?"

Akakaa juu ya sanduku. "Ningekuchagua wewe, mumeo angeacha kazi. Ningemchagua yeye, wewe ungeacha. Na ukitaka ukweli wote, yule akisoma namba asiyoitaka, anaisema hivyo hivyo. Nyie wawili mnaniangalia kwanza usoni."

Nililia mbele yake, sikuona haya. Naye akalia kidogo, kisha akanipa mkono kama siku ile ya kwanza, kwa mikono yote miwili.

Jioni mume wangu alikuwa ananingoja getini. Tulikuwa hatujarudi pamoja kwa muda mrefu. Tulitembea mpaka tukapita mahali wanapochoma mihogo, akanunua, akanipa kipande kikubwa.

"Yule binti hajui hata koki ya kushoto iko wapi," akasema.

"Mwandiko wenyewe kama kuku."

"Na sauti haisikiki."

Tulimsengenya njia nzima. Tulimsengenya tukila, pilipili inatuchoma midomo, mpaka tukaanza kucheka, na tulipofika uani bibi mwenye nyumba akatuuliza kulikoni leo. Usiku huo nilimwekea kitambaa. Alisimulia tena, amefumba macho, nami nilimsahihisha pale alipokosea, maana sasa kiwanda nilikijua.

Yule binti alikuwa hodari, na ilituchukua muda kulisema hilo kwa sauti. Mume wangu macho yalimshinda, akahamishiwa stoo. Mie nilibaki kwenye vipimo chini ya binti yule, na alipoondoka kwenda kulea nikakaa mahali pake, mbele ya saa ya joto, miaka mingi.

Dada fundi alikuja kututembelea mara moja, amenenepa, ana watoto. Tulimkaribisha mkekani. Nilipika wali na samaki wa nazi. Akamwuliza mume wangu habari za macho, na yeye akaanza kumweleza, wakaingia kwenye habari za tanuri la Tanga, mafuta yake, moto wake, na nikamwona mume wangu uso unawaka vilevile, na mvi zake. Niliinuka kwenda jikoni kuutazama wali. Nikarudi upesi kuliko wali ulivyohitaji.